Wauza Blanketi wa Ruiru na Mtu wa Koti la Kaki

Mama yangu hakuiacha kahawa. Kahawa ndiyo ilimwacha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, shamba alilokuwa akichuma, nje kidogo ya Ruiru, lilianza kuita wachumaji siku mbili kwa wiki, kisha siku moja, kisha likanyamaza kabisa. Mama alikaa nyumbani wiki tatu. Katika wiki hizo alifua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba, pamoja na suti ya baba ya kanisani ambayo ilikuwa haijavaliwa tangu ifuliwe, na baba akaniambia kwa sauti ya chini nimtafutie mama yangu kazi kabla hajamfua na yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika kiwanda cha blanketi kule Eneo la Viwanda, Thika. Nilikuwa na cheti cha shule ya upili, cheti cha kupiga chapa, na viatu vya visigino virefu. Kwa maoni yangu, mtu mwenye vitu hivyo vitatu hakuwa amebakisha la kujifunza duniani. Kila Ijumaa kiwanda kiliwauzia wafanyakazi blanketi zenye kasoro: mstari uliopinda, ukingo ambao haukushonwa, rangi iliyokolea upande mmoja. Nikampelekea mama mbili. Alizigeuza na kuzigeuza, akasema hana habari ya mtu yeyote anayeangalia mistari akiwa amelala, akaziuza siku hiyohiyo kwa majirani.

Ijumaa iliyofuata alitaka nne. Baada ya miezi michache mtaa wetu wote ulikuwa umejifunika vizuri, na mama akaigundua shida ya biashara ya blanketi, kwamba blanketi si sukari. Ukimuuzia mtu leo, hutamwona tena mpaka aolewe au nyumba yake iungue.

Aliyemwonyesha njia ni mama mmoja Mwislamu wa Majengo, Thika, ambaye aliuza khanga na vitenge kwenye kibanda karibu na soko. Baba yake alikuwa ametoka Tanganyika zamani na mama yake alikuwa Mkamba, na yeye mwenyewe alizaliwa Thika na kuongea Kikuyu cha kuomba bei ipunguzwe vizuri kuliko Wakikuyu wenyewe. Alimwambia mama kwamba ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, kuna sehemu za milimani zenye baridi kushinda kwetu, na watu wa huko wanazipenda blanketi za Thika. Ukienda na blanketi unarudi na vitenge. Hurudi mikono mitupu hata siku moja.

Mama alipomweleza baba, baba aliuliza, "Sasa nani atakuwa anapika?"

"Wewe," mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Walianza wanawake watano. Kulikuwa na mama yangu, na huyo mama wa Majengo aliyekuwa kiongozi wao. Kulikuwa na dada wawili wa Ngoingwa, washonaji, ambao walibishana kuhusu kila kitu isipokuwa chakula. Na kulikuwa na mjane mmoja wa Gatuanyaga, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye aliuza mbuzi wawili ili apate mtaji. Huyo nilimwita tata, jinsi tunavyowaita shangazi zetu, kwa sababu alikuwa na namna ya kukutazama mpaka ukajikuta umemwita hivyo.

Safari ya kwanza mama alirudi na vitenge vizuri sana na uso umenuna. Kumbe alikuwa amegombana na Kiswahili.

Sisi watu wa Ruiru tunakiongea Kiswahili kama mtu anayepasua kuni. Mama aliingia hoteli ya ng'ambo, akakaa, akasema, "Lete chai." Msichana wa hoteli akamwinamia akamuuliza kwa upole, "Mama, kwani tumegombana?" Mama akadhani anachokozwa. Msichana huyohuyo mwanzoni alikuwa amemsalimia shikamoo, na mama akamjibu, "Mzuri sana." Wateja wote walicheka, na mama wa Majengo alicheka kuliko wote, jambo ambalo mama hakulisahau.

Kwa hiyo Jumapili alasiri, baada ya sisi kutoka kanisani, watano wale walianza kukutana nyumbani kwa mama wa Majengo kufundishwa adabu. Nami niliandamana na mama kwa sababu kulikuwa na chai ya tangawizi na mahamri.

"Huko hutasema 'nipe'," mama wa Majengo aliwafundisha. "Sema 'naomba'."

"Kama nimelipa, naomba ya nini?" mama akauliza.

"Unaomba kwa sababu wewe ni mtu na yeye ni mtu. Haya, sema."

Mama alilichukulia somo hilo kwa uzito. Kwa siku tatu nyumbani kwetu kulikuwa na adabu ambayo haijawahi kuonekana. "Samahani, naomba unipitishie chumvi," alimwambia baba, na baba akaja kuniuliza jikoni kama mama ni mgonjwa. Siku ya nne alichoka, akasema, "Lete hiyo chumvi," na sote tukapumua.

Mwaka mzima biashara ilikwenda vizuri. Mama alinunua kabati la vyombo, akafungua kitabu cha benki kwa jina lake mwenyewe, na akaanza kuongea juu ya barabara za Tanzania kama mtu aliyezijenga. Jambo moja tu lilikuwa linawasumbua, na walilisema kwa mafumbo. Mpakani kulikuwa na mtu wa koti la kaki.

Mtu huyo alikuwa na kalamu tatu mfukoni na funguo nyingi kiunoni. Wakishuka tu kwenye basi, alikuwa pale. Alisema kadi ya chanjo ya huyu imepitwa na wakati, mzigo wa yule lazima ukaguliwe. Alichagua mwanamke mmoja, akambebesha mzigo wake mpaka chumba fulani nyuma ya vibanda, na huko "wakaelewana". Kuelewana kulikuwa kutoa blanketi mbili au tatu. Nilipouliza ni afisa wa idara gani, mama aliniambia, "Ako na koti," kana kwamba hiyo ilikuwa idara.

Kisha safari moja tata wa Gatuanyaga alirudi bila mzigo na kiatu kimoja. Hakusema kitu ndani ya basi, wala Nairobi, wala Thika. Aliteremka akaenda kwao kwa miguu katika vumbi lile la Gatuanyaga. Jumapili hakuja. Jumapili ya pili hakuja pia. Ya tatu mama akamfuata, nami nikaenda naye.

Tulimkuta anachambua maharagwe mlangoni. Mama hakumwuliza lolote. Alivuta kigoda, akaanza kuchambua naye. Nadhani ilipita nusu saa, na mimi nimesimama kama mti, ndipo tata aliposema, akiyatazama maharagwe, kwamba safari ile yule mtu alifunga mlango kwa ndani. Alimwambia kwamba wakati huu hataki blanketi. Tata alimsukuma, akavuta komeo, akakimbia. Mzigo ulibaki, na kiatu.

"Hakunishika," akasema. "Lakini tangu siku hiyo sipendi mlango ukifungwa."

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa mbali sana, mbali kuliko jiwe la maharagwe linavyohitaji kutupwa. "Utarudi na sisi," akamwambia. "Si sasa. Ukitaka."

Njia nzima ya kurudi mama alitembea mbele yangu akipiga mawe teke, na kwa mtu anayemjua mama yangu, hiyo ilitisha.

Hapa ndipo mimi na elimu yangu tulipoingia. Nilichukua likizo ya wiki moja, nikanunua blanketi za robota moja, nikawaambia wale wanne kwamba wao wanafikiria kizamani. Kama mtu wa koti yuko kwenye njia kubwa, kwa nini wapite njia kubwa? Nilikuwa nimesikia kwamba kuna vijia vya porini ambako waendesha baiskeli huvusha mizigo kwa malipo kidogo, hakuna fomu, hakuna kaki. Mama wa Majengo alisema njia za panya zina wenyewe. Dada wa Ngoingwa, kwa mara ya kwanza, walikubaliana, na walikubaliana kwamba mimi ni mjinga. Mama akasema, "Mwache ajaribu na lile robota lake moja." Alijua anachofanya.

Basi tulipofika mpakani asubuhi, wao wakashuka na mizigo yao wakaketi kwenye kibanda cha chai, nami nikaenda kutafuta mtu wa baiskeli. Nilimpata haraka sana. Alikuwa mcheshi, aliyasifu mavazi yangu, akafunga robota langu la blanketi kwa mpira nyuma ya baiskeli na kuniambia nimfuate. Nikamfuata. Alikuwa anaendesha polepole ili nisiachwe. Kwenye kona ya pili akaongeza kidogo. Kwenye ya tatu sikumwona. Niliendelea kwa saa nzima katika mchanga ule na visigino vyangu, nikimwita "kaka, kaka", nikijibiwa na mbuzi.

Nilirudi kwenye kibanda cha chai nimebeba viatu mkononi. Mama alinitazama kuanzia nywele mpaka vidole.

"Ulimuuliza jina?" akasema.

"Hapana."

"Na hata baisikeli haina jina?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Walinywa chai tu, wanne hao, mabega yakitikisika. Kisha mama wa Majengo akanisogezea kikombe, akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Wewe umeibiwa kwa sababu ulikuwa peke yako na ulipita nyuma. Dada yetu alifungiwa mlango kwa sababu alikuwa peke yake na alipelekwa nyuma. Ni jambo moja."

Mama akaweka kikombe chini. "Basi leo tutapita mbele," akasema, "na hakuna wa kuachana na mwingine."

Hatukuwa tumemaliza kufunga mizigo wakati mtu wa koti la kaki alipotokea. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria. Aliwaangalia, akahesabu marobota kwa kidole, akamchagua mama.

"Wewe mama, beba hiyo, njoo ofisini."

Mama akabeba robota lake. Mama wa Majengo akabeba lake. Dada wa Ngoingwa wakabeba yao, wakibishana ni nani atatangulia. Mimi sikuwa na la kubeba, nikabeba viatu.

"Nimeita mmoja," akasema.

"Sisi ni mmoja," mama akamjibu, na akatembea.

Kile chumba kilikuwa kidogo, na dirisha moja la mbao upande wa nyuma. Tuliingia wote. Mama wa Majengo akaegemeza robota lake kwenye mlango ili usifungike, akakaa juu yake. Wengine wakakaa pia. Dada mmoja akatoa kiondo alichokuwa anasuka, akaendelea kusuka kama mtu aliye kwao. Yule bwana alibaki amesimama katikati ya wanawake, hana pa kuweka miguu.

Hapo mama akaamua kutumia adabu zote alizofundishwa, na zote kwa pamoja.

"Samahani, tafadhali, naomba, kama haitakusumbua," akasema, "utuonyeshe kitambulisho cha kazi."

"Mimi ndiye naomba vitambulisho hapa."

"Marahaba," mama akasema. Hilo halikuwa mahali pake, lakini lilimchanganya mtu. "Na ukishatuonyesha, naomba utuandikie lisiti."

"Nitamwita mkubwa wangu."

"Mwite. Tutangoja."

Akatazama kiondo, akaona kazi ndiyo kwanza inaanza. Mama akanigeukia, akanong'ona kwa Kikuyu niende kwenye ofisi ya forodha, ile yenye bendera, niulize huyu ni wa idara gani. Nilikwenda mbio, peku. Kwenye dirisha alikuwako mama mmoja wa miwani, anakunywa uji kutoka kwenye kikombe cha chuma. Nilimweleza yote kwa pumzi moja.

"Wa koti la kaki?" akasema. "Mwenye kalamu tatu? Huyo si wetu. Sisi tulidhani ni wa upande ule."

Alivaa sweta yake, akamwita askari mmoja, tukaenda. Njiani tukamuuliza afisa wa upande wa pili, aliyekuwa anapita. Yeye akasema wao siku zote walidhani ni wa upande wetu. Yaani mtu huyo alikuwa amefanya kazi mpakani miaka, kila serikali ikidhani analipwa na mwenzake, na kumbe wanaomlipa walikuwa wanawake wa blanketi.

Tulipofika chumbani, wanawake walikuwa wameketi vilevile, lakini dirisha la nyuma lilikuwa wazi.

"Ameenda kumwita mkubwa," mama akasema, "kwa hapo."

Askari alimfuata mpaka kwenye vichaka, akarudi na jasho tu. Sikusikia kwamba alishikwa. Baadaye watu walisema alionekana mji mwingine, wengine wakasema amekuwa mhubiri, na sijui lipi ni la kweli. Ndani ya sanduku aliloliacha chumbani tulikuta khanga, sufuria, sabuni, na blanketi tano ambazo nilizijua kwa mistari yake iliyopinda. Yule mama wa miwani aliandika kila kitu kwenye daftari, akaruhusu blanketi tano zile zirudi Gatuanyaga.

Kisha akatuchukua mpaka dirishani kwake, akamaliza uji wake uliopoa, na kutuonyesha fomu. Ilikuwa karatasi moja, ya pande mbili. Ushuru wenyewe ulikuwa mdogo kuliko blanketi ambazo yule bwana alizoea kuwapokonya. Mama aliisoma ile fomu akiifuata kwa kidole, akamtazama yule mama wa miwani na kumuuliza, bila samahani wala tafadhali, "Na mbona hakuna mtu alituambia?"

Yule mama alivua miwani, akaifuta. "Hamkuuliza," akasema. Halafu baada ya kufikiri kidogo akaongeza, "Na sisi hatukutoka nje."

Niliporudi kazini nilifanya kitu cha kwanza cha maana tangu nipewe vyeti vyangu. Saa ya chakula cha mchana nilibaki ofisini, nikapiga chapa ukurasa mmoja kwa Kiswahili rahisi. Dirisha lipi. Fomu ipi. Kadi ya chanjo inapatikana wapi. Mtu akikuita, aonyeshe kitambulisho. Ukilipa, upewe risiti. Asiwepo mwanamke wa kuingia chumba chochote peke yake, na mlango usifungwe. Mwisho kabisa niliandika nyumba ya kulala ng'ambo, kwa binamu ya mama wa Majengo, ambako kuna kitasa upande wa ndani na hakuna baa jirani. Niliweka karatasi za kaboni tano kwa mara moja, nikagonga kwa nguvu hata herufi "o" ikatoboa.

Siku ya tatu mkubwa wangu alinikuta. Aliichukua nakala, akaisoma yote amesimama, nami nikianza kuaga kazi moyoni. Aliinua kalamu, akarekebisha nukta moja, akauliza kama ningeweza kumpa ya shemeji yake, ambaye huuza nguo Busia.

Karatasi hiyo ilitembea kuliko mimi. Niliiona sokoni Thika imebandikwa kwenye kibanda cha nyanya, na Ruiru kwa fundi wa nywele, na mara moja nikaiona imefungia sukari, jambo lililoniuma kidogo. Jumapili za Majengo zikajaa. Wanawake wakaja wa mayai, wa viatu, wa mitumba, mpaka mama wa Majengo akahamishia kikao uani na kuwaambia kila mmoja aje na kikombe chake. Walipanga safari kwa makundi. Wakakubaliana kwamba mwenzao akiugua au akizuiliwa njiani, kundi zima linangoja, hata kama soko linawapita. Hilo lilibishaniwa sana, hasa na dada wa Ngoingwa, lakini lilipita, na mara mbili nilishuhudia likifuatwa.

Baba alijifunza kupika. Alipika ugali wenye vidonge kwa miezi minane, kisha siku moja akatoa githeri, mahindi na maharagwe, ambayo majirani waliomba. Tangu hapo alianza kuwaambia rafiki zake kwamba biashara ya mpakani ilikuwa wazo lake.

Tata wa Gatuanyaga alikaa nyumbani safari tatu zaidi. Mama hakumharakisha. Alimpelekea zile blanketi tano, akazipanga juu ya kitanda, akarudi. Safari ya nne tulimkuta kituoni amesimama na robota lake, amefika kabla ya kila mtu. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni uani kwa mama wa Majengo. Aliwasomea karatasi yangu polepole, na kila alipofika kwenye mlango alisimama, akawatazama mmoja mmoja, ndipo akaendelea.

Jumapili moja, wengine wakiwa wanaosha vikombe, nilimuuliza kama bado anaogopa akifika pale.

"Naogopa," akasema. "Sasa naogopa tukiwa wengi, inabebeka." Alifikiri kidogo, akanigusa bega. "Inuka basi, umekalia vitenge vya watu."

Niliinuka. Alivikung'uta, akavikunja upya kwa mpango wake, akaviweka ndani ya gunia, akanipa ncha moja ya kamba nivute ili afunge fundo.